Mizinga Arobaini ya Chama

Kwenye chama chetu cha warina asali hapa Inyonga, anayejiunga hatoi ada ya fedha. Anatundika mzinga mmoja porini kwa jina la chama. Asali yake ndiyo mfuko wetu wa matibabu na misiba. Mimi Methusela ni mweka hazina mwaka wa tisa huu. Kila mkutano nasoma: mizinga arobaini, yote mizima. Watu wanapiga makofi.

Ukweli ni kwamba miaka mitatu sijakanyaga huko. Goti linauma, baiskeli mbovu, sababu sikuzikosa. Niliposikia moto umepita upande wa Ugalla, iliko mizinga yetu, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ikapita, nikanakili taarifa ya mwaka uliotangulia, nikabadili tarehe. Walipouliza asali, nikasema tungoje bei ipande, tukawa tunakula akiba. Wakaniamini. Hilo linaniuma kuliko goti. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka mitatu.

Mwezi uliopita akiba iliisha, mkutano ukamtuma Gaudensi, mpandaji wetu hodari, aanze kurina. Alianguka kutoka juu ya mti, akavunjika nyonga. Nilimkuta hospitalini Mpanda, mkewe Dafrosa akimpozea uji pembeni ya kitanda. Alinimiminia na mimi kikombe kutoka kwenye chupa.

“Alipanda giza limeingia, nyuki wakiwa wametulia, kama mnavyofanya siku zote,” Dafrosa alisema. “Shemeji, mzinga ulikuwa mtupu. Aliuvuta kwa nguvu zote akijua umejaa. Ukaja mwepesi, naye akaenda nao.”

Nilikunywa funda moja la uji.

“Wenzetu nimewaambia asali ilimwagika,” Gaudensi akasema taratibu. “Nikisema mtupu, wataanza kukusema wewe bure. Mzinga mmoja kuhamwa na nyuki ni kawaida. Wewe uza ya mizinga mitatu minne tu, hela ya upasuaji itatosha.”

Nilitazama uji wangu. Ningeweza kusema sawa, nikaondoka, nikatafuta uongo mwingine njiani.

“Gaudensi,” nikasema, “hiyo mingine sijui kama ipo. Tangu moto ule sijaenda kuangalia. Nilikuwa nasoma tu.”

Gaudensi aligeuzia uso ukutani. Dafrosa alinyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka kwangu, uji ukiwa nusu, akaurudisha kwenye chupa ya mumewe.