Oili ya Lori la Mjomba

Haya alinisimulia binti yangu wa pili, Jumatatu iliyopita asubuhi, alipokuja kunirudishia cherehani. Hata shikamoo haikumtoka sawasawa. Alikaa kizingitini akasema, "Mama, yule mzee atanitoa roho."

Mzee mwenyewe ni mjomba wa mume wake. Ana lori moja dogo la kubeba mchanga, na mkwe wangu ndiye dereva wake, mwaka wa sita huu. Wote wanaishi ua mmoja, nyumba ya mzee mbele, ya binti yangu nyuma.

Sasa, wiki kama tatu zilizopita stata ya lori ilianza kugoma. Mtu mwingine angeita fundi. Mzee akasema fundi wa nini, na hapa nje pana mteremko? Basi kila jioni lori likawa linalazwa mteremkoni, pua imetazama chini, mawe mawili mbele ya matairi. Asubuhi mawe yanaondolewa, lori linaporomoka lenyewe, dereva anatia gia, injini inashtuka inawaka.

Na mzee ana desturi yake. Kila asubuhi lazima achomoe ile stiki ya kupimia oili ya injini, aitazame kwa jicho moja kama mtu anayetunga uzi. Tangu lori lianze kulala mteremkoni, stiki ikawa inatoka karibu kavu. Anaongeza oili. Siku mbili tatu, imepungua tena. Anaongeza. Lori nalo likaanza kutoa moshi wa buluu, mpaka watu njiani wanaziba pua.

Jumamosi akamwita mkwe wangu mbele ya majirani. "Mpwa wangu, oili yangu unamuuzia nani?"

"Mjomba, simuuzii mtu. Unapima lori limeinama. Oili yote imekimbilia mbele, na stiki iko nyuma. Unazidisha, ndiyo maana linatoa moshi."

"Nimeendesha malori wewe hujaota meno. Lete ufunguo. Jumatatu nampa dereva mwingine."

Mkwe wangu akatoa ufunguo. Mpole mno yule, na upole wake nao ulimchemsha binti yangu. Miaka sita ya kazi, na sasa mume aitwe mwizi, kisa stiki!

Jumapili asubuhi binti yangu akamfuata mzee.

"Shikamoo mjomba. Twende tukapime oili pale chini, mbele ya duka la mbao. Pale pana saruji, pamenyooka."

"Likizimwa pale litawashwa na nani?"

"Tutasukuma."

"Nani atasukuma?"

"Mimi, mume wangu, na wewe. Si wewe unayeibiwa?"

Mzee akanuna, lakini akapanda. Akashika usukani mwenyewe, lori likaporomoka likawaka, akalizima pale kwenye saruji. Hata vumbi halijatua, ameshafungua boneti, ameshachomoa stiki. Imelowa oili juu mpaka chini.

"Haisomeki hii!"

"Injini ndiyo kwanza imezimwa, mjomba," mkwe wangu akasema. "Ngoja robo saa, oili iliyo juu iteremke."

Zikapita dakika mbili. Mzee akachomoa tena.

"Haisomeki!"

"Hukungoja. Halafu hukuifuta."

"Nimeifuta."

"Umefuta suruali, mjomba. Stiki bado."

Kweli, paja zima jeusi. Binti yangu akamnyang'anya stiki, akaifunga ndani ya kanga yake, akakaa juu ya jiwe.

"Binti, lete stiki yangu."

"Ikifika saa tatu na nusu."

"Mpwa wangu, mwambie mkeo!"

"Mimi mwenyewe ananishinda, mjomba."

Wakakaa hivyo, watu wazima watatu, wanalitazama lori kama wanangojea litage. Saa tatu na nusu binti yangu akaifuta stiki kwa tambara safi, mumewe akaichomeka mpaka mwisho, akaichomoa, akampa mzee aisome mwenyewe. Stiki ina alama mbili, oili inatakiwa iwe katikati. Hii ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili vizima.

Mzee akageuza stiki. Akaigeuza tena. Kisha akauliza, "Nani ameijaza hivi?"

Binti yangu anasema hapo alitaka kucheka na kulia vyote pamoja, akakosa pa kuanzia.

Mkwe wangu akaingia chini ya lori, akalegeza nati, akapunguza oili ndani ya karai, wakapima, akapunguza tena, mpaka ikakaa katikati. Ikabaki kusukuma. Mzee akarudi zake kwenye usukani. Binti yangu hakusogea.

"Sukuma basi!"

"Neno lako la jana kwanza."

"Neno gani?"

"La mbele ya majirani."

Mzee akatazama duka la mbao, akatazama viatu vyake. "Haya, nilipima vibaya."

"Na?"

"Na sikuibiwa! Umeridhika? Sukuma!"

Wapasua mbao wawili wakaja kusaidia. Lori likasogea, mzee akachelewa kuachia klachi, likafa. Mara ya pili likafa tena. Mara ya tatu akateremka anahema, akamtupia mpwa wake ufunguo. "Kaa wewe. Kazi si yako?" Akaja nyuma kusukuma bega kwa bega na binti yangu, ananguruma njia nzima. Likawaka, na moshi ukaonekana umepungua.

"Kesho umpitie fundi," akamwambia mpwa wake. "Aje aitazame hiyo stata."

"Aliyoambiwa wiki tatu, Mama!" binti yangu akaniambia. "Wiki tatu!"

Walipofika nyumbani jua lilikuwa utosini. Mzee akalala kwenye kiti barazani, mdomo wazi. Mkwe wangu akajitupa mkekani na viatu vyake. Binti yangu akasugua kanga mara nne, oili haikutoka. Akaianika hivyo hivyo, akamsukuma mumewe ampishe nafasi, akalala na sabuni mkononi.