Maoni ya Bi Kimya

Kamati ya ushauri ya wadau wa uvuvi ilikutana Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili uliotazama maegesho ya magari. Bahari ilikuwa upande wa pili, nyuma ya vyoo. Kila mjumbe alikuwa na kibao chenye jina na cheo, isipokuwa mwanamke mmoja mkausha samaki, ambaye kibao chake kiliandikwa "Jamii".

Wajumbe walimwita Bi Kimya. Miaka minne alikuwa amekalia kiti cha karibu na mlango akingojea kipengele cha Mengineyo, na miaka minne Mengineyo ilifika pamoja na chai.

Siku hiyo walijadili kuifunga ghuba kwa nyavu ndogo miaka mitano, ili samaki wapumzike. Meli ya kampuni ingeendelea, kwa kuwa yenyewe haikuvua, ilitafiti. Bi Kimya alimfikiria wifi yake, na wanawake wengine kumi na wanane ambao chanja zao za kukaushia samaki zilikuwa tupu tangu utafiti uanze. Akanyoosha mkono.

"Haya! Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema mwenyekiti, na wajumbe wakacheka kwa kiasi kinachostahili cheo chake.

"Mwenyekiti," alisema Bi Kimya. Dagaa mmoja akamtoka mdomoni, akaangukia mezani, akirukaruka.

Bi Kimya akajifuta midomo kwa ncha ya kanga, akaendelea. Alisema meli ndiyo inayokomba ghuba hadi mayai, wala si nyavu za kuvutwa kwa mkono. Kila neno lilitoka likiwa samaki. Alipomaliza walikuwa arobaini na mmoja, na jirani yake alikuwa amesogeza simu isilowe.

"Niandikeje, Mwenyekiti?" aliuliza katibu.

"Andika, mjumbe amechangia."

"Amechangia nini?"

"Samaki."

Afisa uvuvi alitoa rula, akawapima samaki mmoja mmoja. Hakuna aliyefika kipimo.

"Mama, maneno yako bado machanga," alimwambia kwa upole. "Sheria hairuhusu. Itabidi tuyashikilie." Akayatia yote kwenye ndoo.

Hapo mtaalamu wa kamati akasimama, macho yakimng'aa. Ushahidi si huu hapa ndooni? Samaki waliobaki ni wachanga watupu, kwa hiyo miaka mitano haitoshi. Kamati ikaafiki saba. Mwakilishi wa kampuni alizungumza dakika ishirini, na maneno yake yakatoka makavu, bila hata gamba moja, hivyo meli ikaonekana haina kosa. Muhtasari ulieleza kwamba jamii ilishirikishwa kikamilifu. Kisha chai ikaja.

Saa tisa Bi Kimya alimkuta wifi yake amekaa kando ya uchanja, mikono mapajani.

"Wamesemaje?"

Njiani alikuwa amepanga namna ya kumwambia taratibu, lakini mpango wote ukamtoka.

"Miaka saba."

Dagaa wawili wakaanguka. Wifi akawaokota, akawalaza kwenye uchanja, vichwa upande mmoja, wasigusane. Akajifuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na chumvi, kisha akamvutia mwenzake kigoda.

"Na wewe uliwaambia nini? Nieleze yote, wifi, usiruke hata neno. Jua bado lipo."