Aleluya ya Kuinama

Tangu Januari Marsela alikuwa akiishi ndani ya pipa. Hivyo ndivyo alivyojiambia, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia. Akitafuna kande, kishindo; akivuta pumzi, upepo; akisema neno, sauti yake mwenyewe ilimvumia masikioni, ikizifunika za wengine, hadi akaogopa majirani watatoka nje kutazama kuna nini. Kwa hiyo akaanza kunong'ona.

Watu hawakosi la kusema. Pale kijijini, juu kidogo ya Karatu, walisema Marsela anaringa tangu mumewe anunue redio. Mume mwenyewe, Martini, alidhani amenuniwa, na kwa hofu akaanza kutubu. Jumatatu alikiri kwamba ni yeye aliyewaacha ndama waingie kwenye maharage. Jumatano alikiri kwamba ule mwavuli haukuibwa, alimpa dada yake. Marsela alinyamaza tu akasubiri, maana mambo yalianza kunoga.

Kwenye kwaya, lakini, hapakuwa na kicheko. Tangu usichana wake yeye ndiye aliyeianzisha Aleluya ya Pasaka, peke yake, na hakuna kitu alichokipenda zaidi duniani, Martini akiwemo. Sasa kila alipoianza, sauti ilimgonga kichwani, naye akaipunguza mpaka walio nyuma yake hawakumsikia.

"Marsela," alisema Mwalimu Sylvesta, kiongozi wa kwaya, "Padre anakuja Pasaka. Ukininong'onea tena, Aleluya ataichukua Blandina."

Hapo hapo Blandina akakohoa kusafisha koo. Angalau angengoja watoke nje.

Marsela alilia njia nzima. Shangazi yake alikufa akiwa kiziwi, naye akaona zamu yake imefika. Kesho yake, alipokwenda zahanati kupimwa mimba yake ya miezi mitano, alimmwagia yote mkunga, Bibi Zuena.

"Hebu inama," alisema Zuena. "Shusha kichwa, kama unaokota kuni."

Marsela akainama, na pipa likatoweka. Akawasikia kuku wa nje, akawasikia wajawazito wenzake wakisengenyana kwenye benchi, akatamani abaki hivyo hivyo.

"Huna uziwi, mwanangu. Kuna kijia kati ya koo na sikio. Kwa kawaida kinakaa kimejifunga, ila kwa wengine mimba inakiacha wazi, na sauti yako inapandia humo. Ukishajifungua kitatulia."

"Pasaka ni Jumapili hii, Nesi! Mimi najifungua Agosti."

"Basi imba umeinama."

Sasa, kanisa lao lilikuwa kigango kidogo. Padre alifika mara chache kwa mwaka, na waumini walizoea kuitazama kwaya ndipo wajue la kufanya. Kwaya ikisimama, wanasimama. Ikipiga magoti, nao magoti.

Siku ya Pasaka Marsela alitoka mbele, akavuta pumzi, akainama kama anayepalilia, akaimba. Aliitoa sauti yote aliyokuwa ameibana tangu Januari. Kwaya nyuma yake ikadhani imesahau jambo, ikainama. Blandina naye akainama. Kanisa zima likainama, wazee kwa vijana. Padre akatazama kulia, akatazama kushoto, akajikuta amesimama peke yake, naye akainama.

Huko chini Marsela aliwasikia wote. Alimsikia hata Martini, besi yake ikipotea njia kama siku zote, na furaha ikamjaa hadi machozi yakadondoka sakafuni. Alikuwa amemkumbuka yule mwanamume, na besi yake mbovu.

"Unyenyekevu huu nani amewafundisha?" Padre aliuliza baada ya misa.

"Ni desturi yetu, Padre," alijibu Mwalimu Sylvesta bila kupepesa macho.

Inosenti alizaliwa Agosti, na kabla hajatimiza arobaini masikio ya mama yake yalikuwa yametulia. Pasaka iliyofuata Marsela alitoka mbele tena, akasimama wima, kifua mbele, akaianza Aleluya kwa raha zake. Alipotazama, kanisa zima lilikuwa limekwisha kuinama. Mama mkwe wake, Cresensia, aliyempakata Inosenti kwenye benchi la kwanza, akamvuta gauni.

"Inama, mwanangu," alinong'ona. "Kiburi cha nini?"

Marsela akameza kicheko, akainama.