Kidole Kimoja Ndani ya Chaki

Majora manane ya kitambaa yalikuwa mezani tangu asubuhi, na mimi sikuruhusiwa kuyagusa. Shemeji, mjane wa kaka yangu na mwenye karakana, alikuwa ameshasema mbele ya mafundi wote.

"Mwakani tunatoa gauni moja tu. Saa nane yatavaliwa yote mawili hapa, la shemeji na la binti yangu. Litakaloshinda linakatwa leo hii." Akamgeukia bintiye. "Na wewe, la kwako likishindwa, kuchora basi. Unarudi kwenye vifungo."

"Sawa, mama," binti akasema.

Mafundi walimwita Msomi, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa amezunguka wiki tatu na daftari, kwenye foleni za benki, kwenye milango ya ofisi, madukani, akiandika wanawake wamevaa nini na wanashikashika nini bila kununua. Wiki moja kabla ya siku hiyo alirudi akatuambia miaka ya magauni mapana imekwisha. Mwakani watataka gauni lililonyooka, linalofuata mwili, la mikono mirefu, lenye mpasuo mfupi nyuma.

Mimi nikasema mapana yataendelea. Shule niliiacha mapema, lakini kwenye meza hii nimesimama miaka ishirini na saba. "Kila wiki wananiletea nguo niwapanulie," nikamwambia. "Hata mmoja hajaja nimpunguzie. Daftari langu ndilo hilo."

Akanijibu kwa adabu kabisa. "Ba'mdogo, wanaokuja kwako ni waliobanwa. Ambao nguo zimewakaa vizuri, waje kwako kufanya nini?"

Mama Pacha, fundi wa cherehani ya mbele, alicheka mpaka akakata uzi. Wenzake wakamfuata. Mimi pia nilicheka, lakini kwa meno tu. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza swali hilo.

Kesho yake akaniletea karatasi zake, alizochora na kukata vipande vya gauni, nimkatie gauni la mfano, maana pale mkataji ni mimi peke yangu. Nikatandaza kitambaa, nikaweka karatasi, nikachora chaki kuzizunguka. Mkasi ulipofika kwenye nyonga nikaupitisha ndani ya chaki, upana wa kidole kimoja. Mbele pande mbili, nyuma pande mbili. Jumla vidole vinne. Nilijua ninachofanya.

Sasa siku ya kuyajaribu ilikuwa hii, na saa nane ikafika. Cherehani zikazimwa. Magauni yote mawili tuliyapimia mwilini mwa Mama Pacha, kwa hiyo ndiye aliyevaa. Akaanza na langu. Akatembea, akakaa, akainama kuokota pini.

"Hili hata nikishiba linanivumilia," akasema.

"Linavumilia sana," mwenzake akadakia. "Mwaka juzi si tulishona hilohilo, tukabadilisha kola?"

Shemeji hakucheka. "Linakula kitambaa," akasema. "Vaa lingine."

Mama Pacha alipotoka nyuma ya pazia na gauni la Msomi, mafundi waliinuka kwenye viti. Sina sababu ya kuficha: lilipendeza. Mgongo ulinyooka, mabega yakatulia. Mwanamke niliyemzoea kila siku nikamwona kama mgeni.

"Kumbe kiuno unacho, mwenzetu. Ulikificha wapi?" fundi mmoja akauliza.

"Nilikiweka akiba," Mama Pacha akajibu, akizunguka.

"Kaa," shemeji akasema.

Nikatazama sakafu. Sauti ya mshono unaoanza kuachia ni ndogo, lakini hakuna fundi asiyeijua. Mama Pacha alisimama haraka, mkono kwenye nyonga. "Linabana hapa. Nikikaa linapasuka."

"Basi ni gauni la kusimamia," mmoja akasema. "Ukiangusha kijiko, umeagana nacho."

Vicheko vikazagaa. Msomi alichukua utepe, akampima Mama Pacha nyonga, akafungua daftari, akapima tena.

"Mama, vipimo ni hivihivi. Nilipima mara mbili."

"Utepe haukosei. Anayekosea ni anayeushika."

Msomi akanigeukia. Shati lilikuwa limenishika mgongoni kwa jasho. "Ba'mdogo, zile karatasi zangu zipo? Nizilinganishe na gauni."

Zilikuwa chini ya meza, nimezikunja, karibu na goti langu.

"Huenda zilifagiwa na takataka," nikasema.

Nilitegemea abishe. Angebisha, ningemkaripia, na mambo yangeishia kwenye kelele. Hakubisha. Aliniamini palepale, kama alivyoniamini tangu akiwa mdogo. Akafunga daftari.

"Basi nilikosea kuchora. Nisamehe, mama. Nimekupotezea kitambaa."

Akaenda kwenye benchi la vifungo, akavuta kopo, akakaa. Hakuna aliyemtania tena.

"Shemeji," mwenye karakana akasema, "kata la kwako."

Nikashika ncha ya jora la kwanza. Nikalivuta hatua moja, nikasimama. Nilikuwa nimeshinda, na vidole havikutaka kwenda mbele.

"Karatasi zipo," nikasema.

Niliinama nikazitoa. Nikamwomba Mama Pacha gauni, akaenda kubadilisha. Nikalilaza mezani, nikaweka karatasi juu yake. Kwenye nyonga karatasi ilichungulia nje kila upande. Hata asiyejua kushika sindano angeona.

Shemeji alipitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi. "Mkasi uliteleza?" akaniuliza polepole. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea.

"Mkasi wangu hautelezi. Nilikata ndani kwa makusudi."

"Kwa nini?"

"Alinishinda kwa maneno mbele ya watu."

Mama Pacha akasema chinichini, "Mtu mzima na mvi zake." Lilikuwa neno la haki.

"Ungekuwa si ndugu wa mume wangu," shemeji akasema, "sasa hivi ungekuwa barabarani. Kata hilo la mfano upya. Tunalijaribu tena leo."

Nilikata huku wote wamenizunguka. Mama Pacha alishona bila kuinua kichwa. Saa kumi alilivaa, akakaa, akainama, akaokota pini, akakaa tena. Hakuna kilicholia.

"La binti," shemeji akasema, akaondoka kwenda ofisini. Mimi hakuniambia neno, na hadi leo ananiambia la kazi tu.

Tukabaki wawili mezani. Tulitandaza kitambaa tabaka arobaini, tukachora. Nikichora upande mmoja, yeye anakuja nyuma yangu na utepe, anapima. Hakuwa ananipima hivyo zamani. Nikachukua mashine ya kukatia, na kabla sijaiwasha akaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Ba'mdogo, sema kweli. Wewe bado unaona mwakani watataka mapana?"

Ningeweza kumdanganya ili afurahi. "Bado naona hivyo."

Wembe wa mashine ukishaingia, tabaka arobaini haziungiki. Alitazama daftari lake, akanitazama, akaondoa kiganja.

"Umesema kweli. Basi kata langu," akasema.

Nikawasha mashine, nikaanzia kwenye pindo.