Jiwe la Ponnuthai

Jumatatu saa nne asubuhi, Jeyanthi aliuendesha kwenye kompyuta upepo wa mwezi wa Aadi, na jiwe la kusagia la mama mwenye nyumba wake, kilomita kumi na mbili kutoka ofisini, likapaa shibiri moja kutoka sakafuni. Ponnuthai alikuwa katikati ya kusaga nazi. Alilifunga kamba kwenye nguzo, akaendelea. Sisi Watamili tumesema tangu mababu kwamba upepo wa Aadi hurusha hata jiwe la kusagia. Basi likiruka, mtu ashangae nini?

Kazi ya Jeyanthi ilikuwa kuuiga upepo kwa hesabu, pamoja na vurugu zake zote, aone mitambo ya umeme wa upepo itaumiaje. Mtambo namba kumi na nne ulisimikwa karibu mno nyuma ya mingine, ukapigwa na upepo uliokwisha kuvurugwa na mapanga ya mitambo ya mbele. Kila alipoirudia hesabu, panga la namba kumi na nne lilivunjika, na jiwe likapaa.

Bosi alisoma, akakuna kidevu.

"We binti, huu upepo wako una kichaa. Ulainishe."

"Ndivyo ulivyo, bosi."

"Ulainishe. Wenye mitambo wanakuja kesho."

Akaulainisha. Hakushikiwa bunduki, vidole vilikuwa vyake. Jiwe likatua, Ponnuthai akashukuru.

Jioni ile, wakila, Esakki, mwana pekee wa Ponnuthai na fundi wa kupanda mitambo hiyo, alimuuliza Jeyanthi, "Dada, kesho napanda namba kumi na nne. Iko salama?"

"Ripoti inasema iko salama."

"Nimekuuliza wewe, sijaiuliza ripoti," Esakki akacheka.

Jeyanthi aliomba chatini ya nazi zaidi.

Upepo wa kweli haukuwa umeisoma ripoti. Kesho yake panga lilikatika saa tano, Esakki akiwa juu. Jiwe lilikata kamba, likasimama usawa wa kifua cha Ponnuthai, na halijashuka tena. Kampuni ilileta shada la asumini na barua kwamba fundi alizembea. Maiti hajitetei. Ripoti ilipita, na upepo ule laini umetumika kupangia mitambo mahali pengine pawili.

Ponnuthai sasa husaga akiwa amesimama, na anasema mgongo umepona. Jeyanthi bado amepanga palepale. Kila asubuhi huandaliwa chakula yeye kwanza.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea, Mama."

"Basi kula na sehemu ya Esakki."