Boga la Ukumbi wa Pili

Kwetu ukimuuliza babu, "Kodandam yuko wapi?" atakujibu, "Yuko shutingi."

Kodandam ni baba yangu. Alikufa mimi bado nanyonya.

Nilipokuwa mdogo niliamini. Nikiulizwa shuleni nilisema baba yuko shutingi, wenzangu wakanionea wivu, maana hapa Haidarabad nani hataki kuwa na mtu shutingi, kwenye kupiga filamu? Nilipojua ukweli nikaacha kusema. Niliacha kusema mambo mengi tu. Sasa hivi mwalimu akiita majina, mara nyingi ananiandika sipo, kwa sababu "nipo" yangu haifiki mbele.

Studio yetu inaitwa Nandivardhanam, ni jina la ua jeupe. Aliianzisha baba yake babu. Aliuza mashine yake ya kukoboa mpunga kule Tenali akaenda Madras kutengeneza filamu. Ndugu zake wakamwita kichaa mpaka filamu ya kwanza ilipotoka, halafu wakaja kuomba tiketi za bure. Enzi hizo zilikuwa filamu za miungu. Babu anasema kila mungu aliyetaka kushuka duniani alishukia kwetu, akala idli, vikate vyetu vya mvuke, jikoni, kisha akapandishwa mbinguni kwa kamba. Sinema ya Kitelugu ilipotoka Madras, babu naye akahamia hapa Haidarabad. Akapata kilima cha mawe matupu, akapasua kwa baruti, akajenga kumbi mbili za kupigia filamu. Miungu ikaisha. Zikaja filamu za mapanga na magari ya kulipuka. Halafu tamthilia za televisheni, mama mkwe anamtesa mke wa mwanawe miaka minne. Halafu harusi. Halafu popo.

Ukumbi wa kwanza ukawa ghala la matairi. Wa pili babu aliufunga tangu siku baba alipoanguka kutoka kwenye daraja la taa, ule ujia mwembamba wa chuma chini ya paa unaofungiwa taa. Ndani alikuwa ameacha kila kitu: nyumba ya plasta ya kuigizia, yenye veranda na ngazi isiyokwenda popote, vyote vya filamu aliyokuwa akiitengeneza baba. Filamu yenyewe ilikuwa imebakiza shoti moja, yaani kipande kimoja cha kupigwa picha.

Na mlangoni lilining'inia boga.

Watu wa filamu wa kwetu hawamalizi kazi bila boga. Siku ya mwisho, baada ya shoti ya mwisho, mtu anasema "pakapu", yaani kazi imekwisha, fungeni. Hapo linaletwa boga jeupe, linapakwa unga mwekundu, linawashiwa kafuri juu yake, linazungushwa mbele ya kamera kuondoa husuda, kisha linapigwa chini linapasuka. Filamu ambayo boga lake halijavunjwa haijaisha. Nyumbani tuliambiwa boga la filamu ya baba halikuvunjwa. Kwa hiyo filamu haijaisha. Kwa hiyo baba yuko shutingi. Boga likioza, babu ananing'iniza jingine.

Mwaka huu baba mkubwa Narasimham, kaka yake baba, aliuza studio kwa watu wa maghorofa. Babu aliposikia hakugomba. Alibeba kitanda chake cha kamba, akaingia ukumbi wa pili, akalala kwenye veranda ya nyumba ya plasta. Chakula nilimpelekea mimi.

"Baba, toka basi," baba mkubwa alimwambia. "Ijumaa tingatinga linakuja."

"Lije. Lisubiri nje. Tuna shoti moja."

"Litakuangushia paa!"

"Paa hili nimelijenga mimi, Narasimham. Linanijua kuliko wewe."

Baba mkubwa alitoka anafuta jasho. Nje alikuwepo Yadagiri, mzee wa taa, ambaye studio ilimsahau lakini yeye hakuisahau.

"Tumpe shoti yake," alisema baba mkubwa. "Uwashe taa moja, tuweke ile kamera ya zamani, tumalize."

"Kamera haina filamu, mkubwa."

"Na mzee hana macho. Watafaana. Anachotaka ni pakapu tu."

"Atakubali aiseme nani? Wewe? Hata ukisema habari za asubuhi anatafuta kwanza ulichouza."

Wakanigeukia mimi. Siku filamu ile ilipofunguliwa, ilipoanza kupigwa, baba alinishika mikononi nikagonga kile kibao cha kuanzia shoti. Na babu ana msemo wake, aliyefungua ndiye afunge.

"Varudhini," baba mkubwa aliniambia, "neno moja tu, mwanangu. Unataka tumtoe babu yako akiwa hai au tumfukue?"

Nilitaka kusema siwezi. Hata hilo halikutoka.

Mama hajawahi kukanyaga studio tangu siku baba alipoanguka. Nilipomweleza, alikuwa akifuta sakafu. Mama akiona tone la maji chini anakimbilia tambara kama vile nyumba inaungua. Nilizoea, nikidhani ni usafi tu.

"Nenda," alisema. "Lakini usivue viatu mle ndani."

"Si kuna boga, mama? Mbele ya kafuri watu wanavua."

"Nimesema usivue."

Asubuhi ya Alhamisi Yadagiri aliwasha taa yake. Vumbi likaonekana hewani, na popo wakatawanyika. Babu alikuwa amevaa shati jeupe la zamani, amechana nywele. Alikaa kwenye kiti nyuma ya kamera, na sijawahi kumwona amekaa wima namna ile. Nikagonga kibao. Yadagiri akaizungusha kamera tupu. Kilichokuwa mbele yake ni veranda na ngazi, basi.

"Kata," alisema babu. Akaangalia juu kwenye daraja la taa, muda mrefu. "Shoti nzuri."

Baba mkubwa akanifinya begani. Nikafungua mdomo. Ulimi ukagoma.

"Sema, mtoto!"

Sikuweza. Basi baba mkubwa akapoteza subira, akalishusha boga mlangoni, akalimwagia unga mwekundu, akawasha kafuri, akalizungusha haraka haraka na kuliinua juu ya kichwa.

"Usivunje!" Babu alisimama. Sauti ile ilikuwa ya mtu aliyewahi kuamrisha watu mia. "Usivunje! Mwanangu bado yuko juu! Futeni sakafu! Futeni, atateleza, hana viatu!"

Baba mkubwa akabaki na boga hewani. Kisha akalishusha taratibu, akalikumbatia kama mtoto, na uso wake ukaharibika.

"Babu anasema nini?" nilimnong'oneza Yadagiri.

Alizima taa kabla ya kunijibu. "Boga lilivunjwa, bi mdogo. Siku ile. Saa ya nuksi ilikuwa inaingia, mzee akasema boga livunjwe kabla, shoti tutamalizia baadaye. Akalivunja mwenyewe. Nyama ya boga kila mahali. Baba yako alikuwa peku kwa ajili ya kafuri, taa moja ikayumba, akapanda mbio ngazi ya chuma kwenda kuishika, na miguu ile ile yenye utelezi wa boga." Akaanza kukunja waya. "Tulikubaliana kusema halikuvunjwa."

Babu alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anafuta saruji kwa shati lake jeupe, saruji kavu isiyo na kitu. Nikapiga magoti karibu naye. Nikavua mtandio wa sare ya shule nikafuta naye. Tulifuta kuanzia kwenye kamera hadi chini ya ngazi ya chuma.

"Pakavu?" aliuliza.

"Pakavu, babu."

"Mwite ashuke."

Nikaangalia juu. Kulikuwa na popo mmoja amerudi.

"Ameshashuka, babu." Sijui sauti ilitoka wapi, lakini ilitoka, na ukumbi mzima uliisikia.

"Alishuka lini?"

"Zamani."

"Salama?"

"Salama. Kwa ngazi, polepole."

Babu alinishika kidevu akanitazama kwa macho yake yenye ukungu. "Huyu naye," alisema, "hajui kudanganya kama baba yake." Kisha akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Pakapu," akanipa mkono nimwinue.

Hatukulivunja boga. Alitoka nalo kwapani. Ijumaa tingatinga lilikuja, na nyumba ya plasta ikaanguka kabla halijaigusa vizuri.

Sasa tunakaa ghorofa ya saba. Boga liko chini ya kitanda cha babu, limeanza kunuka, na hakuna anayethubutu kulitoa. Yeye anakaa dirishani. Anakula akilishwa.

Nilikuwa nachukia kulisikia lile jibu lake. Jana nilikaa karibu naye, nikamuuliza mwenyewe, kwa sauti, mpaka mama akasikia kule jikoni:

"Babu, Kodandam yuko wapi?"

Aliniangalia. Akaangalia miguu yangu, peku. Akanisogezea kandambili zake.