Kiatu cha Kushoto

Mtaani walimwita Lete. Ukimpelekea kiatu kilichoachama, "lete." Mwavuli uliovunjika mbavu, "lete." Mkoba, begi la safari, hata mpini wa sufuria, "lete tu, tutaona." Fundi viatu huyo, jamani! Kibanda chake kilijaa vitu vya watu mpaka akawa anashona goti moja liko nje ya mlango. Na simu haikunyamaza, kila mtu anaulizia chake.

Sasa sikia kilichompata. Binti wa dada yake, mtoto wa miaka kumi na mmoja, mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Jumatatu anaanza shule mpya yenye ngazi kila upande, naye alishaapa: bila kiatu cha kumsawazisha, haendi. Nyonga zinamuuma, na kuchekwa amechoka. Mjomba akasema lete. Akakata soli nene ya raba, akagundisha, akashona, huku anapokea simu na kubadilisha zipu ya mtu. Ijumaa mtoto akavaa, akasimama, akapepesuka. Mama yake asingemdaka, angeanguka.

Soli nene ilikuwa chini ya kiatu cha kulia.

Kiatu ukikipindua, cha kushoto hufanana na cha kulia. Kila fundi analijua hilo, ndiyo maana hutia alama ya chaki kwanza. Lete alikuwa na chaki mkononi pale mwenye mwavuli alipomwita, na aliporudi akapindua tu bila kutia alama.

Mtoto hakulia. Alivua viatu, akavipanga vizuri sakafuni, akasema, "Si neno, mjomba. Nimezoea."

Heri angemtukana! Masikio ya Lete yaliwaka kwa aibu.

"Kaka," dada yake akamwambia baada ya mtoto kutoka, "mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika ishirini, na kilichokuponyoka ni mwanangu."

Lete akaokota kile kiatu cha kulia. "Ile soli imeshatobolewa na sindano, haifai tena. Nimebakiwa na kipande kimoja cha raba. Kesho mlete jioni."

Jumamosi asubuhi, kila kisichokuwa kiatu alikitoa nje. Miavuli tisa! Akawapigia wenyewe: njoo uchukue chako kama kilivyo. Wakaja wamenuna, wengine wakasema maneno. Akachukua ubao akaandika, VIATU TU, kisha akazima simu na kumkabidhi kinyozi wa jirani.

"Makubwa!" kinyozi akacheka. "Lete kaota mapembe! Ukizima simu utakula nini?"

"Nitakula kesho. Leo nina kazi."

Saa sita mchana akaja mama anayempangisha kibanda, yule ambaye Lete hajawahi kumkatalia kitu, anaburuta begi la safari. "Zipu tu hii, dakika mbili."

Mkono wa Lete ukanyooka wenyewe kulipokea. Akaurudisha.

"Samahani, mama. Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Leo sitaki, mama."

Mama akamkazia macho, akasonya, akaondoka na begi lake. Lete hakumwita arudi.

Akaingia ndani, akanyoosha miguu yote miwili. Akatia alama, akahakikisha mara tatu, ndipo akakata ile raba. Hakuna aliyemwita. Miaka mingapi hajasikia uzi unavyopita kwenye ngozi? Alidhani uzee umemwingia, kumbe ni makelele tu. Alishona saa nne mfululizo na mgongo haukumuuma.

Jioni wakaja. Mtoto akavaa, akasimama, na mabega yake yakalingana. Dada mtu akaziba mdomo kwa kiganja. Mtoto akatoka, akapita kwa kinyozi, akashuka ngazi za barabarani, akakata kona.

"Ataanguka huko!" Mama mtu akataka kumfuata.

Lete akamshika mkono. "Mwache, dada."

Wakasubiri. Wakasubiri mpaka Lete mwenyewe akaanza kujuta. Ndipo mtoto akatokea mbio, jasho linamtiririka.

"Mama! Paka wa dukani kazaa! Wanne, mmoja mweusi tii!"

"Na kiatu?" Lete akauliza. "Kinabana? Kinauma popote?"

Mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Kiatu gani, mjomba?"